Mzizi Mwekundu Ndani ya Supu

Niliukuta mzizi wa kazini kwetu jikoni mwetu, kando ya chumvi, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira wa nywele wa dada yangu.

Ilikuwa Ijumaa na tulikuwa tumetoka kanisani, maana hapa Doha ibada yetu ya Jumapili huangukia Ijumaa, siku ya mapumziko. Nilikuwa natafuta majani ya chai. Mkono wangu ukagusa vitu vikavu, vyepesi, kama vijiti vya kuwashia jiko, na nilipoufungua mfuko ile rangi ikanikodolea macho: wekundu wa matofali yaliyolowa mvua. Vumbi lake likabaki vidoleni. Sikuhitaji kuuliza ni nini. Mizizi kama ile tulikuwa nayo maabarani kwenye mitungi ya kioo, na jina lake, danshen, nilikuwa nimeliandika kwenye kompyuta mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika jina la mama yangu.

"Hii ni ya nani?"

Dada alikuwa ameketi kitandani kwake, anavua viatu vya kanisani. Chumba chetu cha Al Thumama ni kidogo kiasi kwamba aliye jikoni na aliye kitandani wanaweza kupeana chumvi.

"Ya moyo," akasema. "Nimepewa na yule mpishi wa mkahawa wa Kichina pale hotelini. Mama yake ameitumia miaka na miaka."

"Dada, wewe uko na dawa yako ya moyo."

"Na hii ni ya kuongezea. Kwani chai na mandazi havikai tumbo moja?"

Lazima niueleze moyo wa dada yangu. Alipokuwa msichana aliumwa koo, koo likapona, homa ikashuka kwenye viungo, na kutoka kwenye viungo ikaingia moyoni ikaharibu vali moja. Madaktari wa Nairobi wakamfungua kifua wakamwekea vali bandia. Tangu hapo moyo wake unasikika. Si yeye tu anayeusikia. Kiyoyozi kikizimika na chumba kikitulia, naweza kuusikia nikiwa kitandani kwangu, mlio mdogo na mkavu, kama mtu anayegonga kucha kwenye meza akisubiri jibu. Nimelala kando ya mlio huo tangu nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi. Wengine husali kabla ya kulala. Mimi kwanza husikiliza.

Mwenye vali kama ile hunywa kila siku dawa ya kuzuia damu isigande, na atainywa maisha yake yote. Dawa hiyo haina huruma. Ikizidi, mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani bila kujikata popote. Ikipungua, donge linaweza kujijenga kwenye vali na kuizuia isifunguke, au likachomoka na kupanda ubongoni. Kwa hiyo dada huenda kliniki, wanamchoma kidole, wanasoma namba, ambayo hupanda damu ikiwa nyepesi na kushuka ikiwa nzito, na kwa namba hiyo daktari anaamua aongeze au apunguze vidonge. Hotelini West Bay, anakosimamia chumba cha mashuka, hakuna anayejua. Huvaa shati la kola ndefu kuficha kovu la kifua na husema ana baridi.

"Rudisha hiyo mizizi," nikamwambia.

Akanitazama kwa ile huruma ya kifungua mimba.

"Hebu niambie. Wewe unaamka kila asubuhi unaenda kufanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

Nikaufunga tena mfuko kwa ule mpira.

"Kuichunguza dawa hii hii," akajijibu. "Profesa mzima, mashine zimejaa jengo, umeme usiku na mchana, yote kwa ajili ya huu mzizi. Ingekuwa takataka mngeichunguza? Mimi nimekuamini wewe, mdogo wangu. Sasa unataka nisikuamini."

Nyuma yangu maji ya chai yalikuwa yamekauka.

Kazi yangu ni ya data. Nilisomea kompyuta, ingawa saa zangu bora niliwapa wenzangu wa kundi la waandishi kule Nairobi, tukisomeana sura za riwaya zisizoisha. Maabara ya chuo kimoja hapa ilihitaji mtu mwenye subira ya kusafisha majedwali, na subira ni kitu ambacho riwaya isiyoisha humfundisha mtu.

Zamani, mwanasayansi akitaka kuujua mmea wa dawa, alitafuta ndani yake kemikali moja tu. Akiipata husema hii ndiyo inayotibu, nyingine tupa. Kwa dawa za Kichina njia hiyo hukwama. Dawa moja huchanganya mimea kadhaa, kila mmea una kemikali chungu nzima, na kila kemikali hugusa kidogo hapa na kidogo pale. Profesa wetu, mwanamke wa Kichina mwenye sauti ndogo ambayo hairudii jambo, alinieleza siku za mwanzo kwamba waganga wa kwao huipanga dawa kama dola: upo mmea mfalme, wapo mawaziri, wasaidizi, na mjumbe wa kuwaonyesha njia mwilini. Nikamwambia kwetu hiyo ni kamati ya harusi. Yuko mwenyekiti, yuko mweka hazina, yuko wa kuomba, halafu yuko shangazi asiye na cheo chochote, lakini akinuna harusi haifanyiki. Alicheka, kisha akauliza kwa makini kabisa shangazi huyo tutamwonyeshaje kwenye mchoro.

Maana kazi yetu ni kuchora. Tunapima damu ya watu kabla na baada ya kunywa dawa, si kwa kitu kimoja bali kwa maelfu ya vitu kwa mara moja, kisha kompyuta inachora utando: nukta za kemikali, nukta za protini za mwili, na mistari kati yao. Ukivuta nukta moja, nyingine zote hutikisika. Nilikuwa nimeupenda utando huo kwa ujinga wa mwandishi. Niliuona kama mji wenye taa unaoutazama kutoka kwenye ndege.

Jumapili nilipoingia kazini niliufungua kwa macho mengine. Niliweka mzizi upande mmoja na dawa ya dada upande wa pili, nikaiambia kompyuta itafute vinapokutana.

Vilikutana kwenye ini. Kuna kimeng'enya kule kinachoivunjavunja dawa ya dada na kuitoa mwilini, na mistari kutoka kwenye mzizi ilikiendea mmoja baada ya mwingine. Mingine ilikwenda kwenye zile chembe zinazogandisha damu. Kama mzizi ungekizubaisha kimeng'enya kile, dawa ingebaki mwilini na kujilimbikiza, na damu ya dada yangu ingekuwa nyepesi kama maji. Shangazi wa harusi nilikuwa nimempata. Nilikaa mbele ya skrini nikiiona kila nukta kama mahali anapoweza kuvujia.

Profesa alipita nyuma yangu, akasimama.

"Huo si mradi wetu."

Nikamwambia ni dada yangu. Nikamweleza vali, vidonge, mpishi. Hakukaa wala hakunipa pole.

"Anauchemshaje?" akauliza.

"Sijui. Kama dawa."

"Kama dawa ya nani?"

Sikuelewa. Akanyoosha mkono kwenye kona ya maabara, kilipokuwa chungu cha udongo juu ya jiko dogo la umeme, kati ya mashine za bei ambayo sikuwahi kuthubutu kuiuliza. Katika maabara yake hakuna dawa inayopimwa kabla haijapita kwenye chungu kile. Mimea huloweshwa, huchemshwa, maji yakamiminwa, ikachemshwa tena kwa maji mengine, na maji yale mawili yakachanganywa, kama wafanyavyo watu wa kwao majumbani. Wageni hudhani ni pambo.

"Orodha yako ya kompyuta inataja kilichomo kwenye mzizi," akasema. "Haijui kilichomo kwenye kikombe. Hizi kemikali zinazoupa rangi nyekundu, ambazo ndizo nyingi kati ya zile zinazokwenda kwenye ini, hazipendi maji. Akichemsha kwa maji, sehemu kubwa itabaki kwenye makapi. Zinapenda spiriti. Zinapenda mafuta."

Pumzi ikanirudi. Akaiona, akaikatiza.

"Hiyo si ruhusa. Mzizi huu na dawa hiyo visikutane kabisa, kwa njia yoyote. Daktari wake aambiwe. Na uende ukaitazame sufuria."

Siku hiyo dada alikuwa na zamu ya mapema, kwa hiyo jioni alikuwa nyumbani kabla yangu. Harufu nilianza kuipata kwenye ngazi. Ilikuwa harufu ya nyumbani, ya mchana wa kuchinja: mifupa ya mbuzi, mafuta, kitunguu, na chini yake kitu kichungu kinachokaa kooni. Ndipo nikajua jibu la swali la profesa kabla sijafungua mlango.

Kwetu dawa haichemshwi kwa maji. Baba alikuwa na miti yake, magome na mizizi aliyoijua kwa ladha, na yote aliitia kwenye supu ya mifupa. Alikuwa akisema dawa bila mafuta ni maji ya kuoshea vyombo, haifiki popote. Tuliinywa tukiwa tumeziba pua. Dada, ambaye ndiye aliyekuwa akimchochea baba moto, alikuwa ameuchukua mzizi wa Mchina akaufanyia heshima aliyoijua.

Nilisimama juu ya sufuria. Mzizi ulikuwa umepauka. Mafuta yalielea juu kwa vijiduara, na vijiduara vile vilikuwa vyekundu.

"Karibu supu," dada akasema. "Ama wewe siku hizi unakunywa kupitia kompyuta?"

"Mpishi alikuambia uichemshe hivi?"

"Mpishi alisema maji. Lakini yule si ni mtu wa wali, atajua nini kuhusu supu?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikirukaruka kutoka ini kwenda mafuta kwenda kimeng'enya, nikisikia sauti yangu ikipanda kama ya mama akiwa amepoteza mtoto sokoni. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Ukimaliza uniambie," akasema.

"Unaweza kuvuja damu ubongoni, dada. Umekaa tu hapo, hujaanguka, hujagongwa."

"Na bado niko. Napanda ngazi sihemi. Hata kliniki juzi daktari mwenyewe alinipunguzia vidonge. Hiyo ni dalili ya mtu anayekufa ama anayepona?"

Maneno hayo niliyasikia. Nayakumbuka mpaka leo, na mahali mwiko ulipokuwa umeelekea. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye sufuria, nami nilitaka kitu kimoja tu.

"Acha hiyo supu. Tafadhali."

Akazima jiko. Kisha akaibeba sufuria kwa kitambaa, akaimimina yote kwenye sinki, mifupa ikigongana, akaufunga mfuko wa mizizi na kuutupa kwenye ndoo ya taka.

"Khalas," akasema. "Nimeacha. Umefurahi?"

Hakutaka tuende kliniki. Alisema miadi yake bado, na kwamba hawezi kwenda kuketi mbele ya daktari msomi amwambie alikuwa anakunywa mizizi ya jikoni, aonekane mshamba. Mimi nikajiambia kilicho muhimu kimekwisha kufanyika. Siku zilizofuata nilitembea mwepesi. Nilimnunulia samaki kutoka Al Wakrah. Tulikula tukigawana kichwa chake, kama watu wanaoelekea kupatana.

Wiki ilikuwa inaelekea kuisha profesa aliponiuliza daktari alisema nini. Nikamwambia dada ameacha kabisa, tena aliimwaga mbele yangu. Nilisema hivyo kwa fahari.

"Ghafla?"

"Ndiyo."

"Na daktari hajui." Aliweka kalamu chini. "Katika muda aliokuwa anakunywa supu, kuna mtu aliyebadilisha vidonge vyake?"

Kuna hofu inayokuja ikikimbia na kuna hofu inayokuja ikitembea, ikijua kwamba huna pa kwenda. Hii ilitembea. Niliuona mwiko, niliisikia sauti ya dada. *Daktari mwenyewe alinipunguzia.* Bila shaka alimpunguzia. Alisoma namba, akaona damu imekuwa nyepesi, akapunguza vidonge, kama ambavyo daktari yeyote angefanya. Alikuwa amepima dawa pamoja na supu bila kujua. Halafu nikaja mimi na wema wangu, nikaiondoa supu, nikamwacha dada na vidonge vichache visivyomtosha. Siku zile zote nilizotembea mwepesi, damu yake ilikuwa ikienda nzito kuizunguka vali ile.

Miezi mingi nilikuwa nikiitazama nukta ikivutwa na nyingine zikitikisika. Jikoni kwangu nilivuta na sikutazama.

Nilimpigia simu. Nyuma yake mashine za kukausha zilikuwa zikivuma.

"Niko kazini, wewe."

"Lazima twende kliniki leo. Sasa."

"Si nimeacha? Sasa tena kosa langu ni nini?"

"Si kosa lako. Umeacha lakini vidonge vilipunguzwa kwa sababu ya supu. Sasa havikutoshi."

Mashine zikavuma.

"Kwa hiyo nikinywa ni kifo, nikiacha ni kifo," akasema polepole. "Utafiti wenu una mlango wa kutokea, ama ni wa kuingilia tu?"

Nilimsubiri kwenye mlango wa wafanyakazi, upande wa nyuma wa hoteli, ambako magari ya mashuka huingilia. Minara ya West Bay ilikuwa imeng'aa ikirushiana jua, na kila aliyetoka mlangoni nilimtazama usoni kuona kama analeta habari mbaya. Alipotoka alikuwa amemwambia msimamizi wake anaumwa jino. Ndani ya metro hakuniangalia. Nilimtazama mkono, mdomo, jinsi anavyotamka, nikitafuta upande unaolegea.

"Acha kunisoma," akasema.

"Sikusomi."

"Unanisoma kama gazeti la mtu mwingine." Kituo kimoja kilipita. "Na huko ndani usiseme kitu. Ukimwambia daktari wewe, sitakusamehe. Nitasema mwenyewe."

Daktari alikuwa mama wa Kisudani mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Nesi alimchoma dada kidole, tone likaingia kwenye kimashine, na namba ikatokea. Daktari akavaa miwani.

"Habibti, umeacha vidonge?"

"Sijaacha."

"Umesahau? Mara moja, mara mbili? Hakuna anayekugombeza."

Nilikuwa nimeng'ata ulimi kwelikweli, nikionja chumvi, nikimtazama akikunja kona ya kola yake. Nilijua neno lilikuwa limefika mlangoni mwa mdomo wake na linaona aibu kutoka. Sekunde zile zilikuwa ndefu kuliko safari nzima.

"Kuna supu," akasema.

"Supu?"

Akaanza. Alitaja mzizi, mpishi, mama yake mpishi. Kisha, kwa kuwa daktari hakucheka, akataja mifupa, na kwamba lazima iwe ya mbuzi na iwe na mafuta yake, na moto uwe mdogo, na kitunguu kiingie mwisho. Alieleza supu ile vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote. Daktari aliandika yote.

"Kitunguu hakina shida," akasema mwishowe. "Na uliacha lini?"

Dada akamwambia. Daktari akavua miwani, akamwomba alegeze kola, akaweka kipimo kifuani. Akasikiliza. Akakisogeza, akafumba macho, akasikiliza tena. Baadaye alitueleza kwamba vali ikianza kushikwa na donge mlio wake hufifia, huwa kama mtu anayegonga mlango kwa mkono uliofungwa kitambaa. Wakati ule hakueleza chochote. Mimi nilijaribu kuusikia kutoka kwenye kiti changu, nikashindwa. Kiyoyozi cha kliniki kilikuwa na kelele, na watoto walikuwa wakilia koridoni.

"Inagonga wazi," akasema. "Leo."

Namba ilikuwa chini, chini kuliko alivyotaka kuiona kwa mtu mwenye vali. Akamrudishia vidonge alivyokuwa amempunguzia. Lakini vidonge huchukua siku kadhaa kabla ya kushika, na katika siku hizo angehitaji sindano za tumboni za kuizuia damu isigande. Zingeweza kuchomwa nyumbani. Akatuonyesha kwa kumchoma ya kwanza: unafinya ngozi, unaingiza wima, unasukuma taratibu, husugui. Pia kesho asubuhi angepigwa picha ya moyo, kuhakikisha. Na kukiwa na ganzi, au mdomo kwenda upande, au pumzi kukata, tusingoje kesho.

"Na mpishi?" dada akauliza. "Mama yake anakunywa pia."

"Mama yake ana vali?"

"Hapana."

"Basi mama yake ni mgonjwa wa daktari mwingine."

Picha ya asubuhi ilikuja safi. Lakini sindano ilibaki, na jioni hiyo dada aliketi ukingoni mwa kitanda, amepandisha blauzi, amefinya ngozi ya tumbo, ameshika sindano kwa mkono wa kulia. Alijaribu, akashindwa. Akajaribu tena. Kisha akaninyooshea sindano bila kuinua uso.

"Mimi si nesi," nikasema.

"Wewe ndiye mwenye utafiti. Choma."

Nikapiga magoti. Sijawahi kuiogopa karatasi tupu kama nilivyoiogopa ngozi ile. Kwenye skrini yangu dada alikuwa nukta na mistari. Hapa alikuwa na joto, na alama ya mpira wa sketi, na vinyweleo vilivyosimama kwa baridi ya kiyoyozi. Nikaingiza wima. Nikasukuma taratibu. Nikaitoa.

"Mkono mzito kama wa baba," akasema.

Kila jioni tulifanya hivyo. Kazini nilifanya kosa baada ya kosa, na profesa, ambaye hajawahi kunihurumia, alinipa majedwali rahisi. Nyumbani nilimtazama dada akila, akipiga simu, akicheka na mama ambaye hatukumwambia kitu. Niliogopa akichelewa kujibu. Niliogopa akijibu haraka mno.

Tuliporudi kliniki, nesi alimchoma kidole, kimashine kikafikiri, nami nikahesabu vigae vya sakafu ili nisiitazame. Namba ilikuwa imepanda, lakini haijafika inapotakiwa. Daktari akasema ni mwelekeo mzuri, akaandika sindano za siku nyingine kadhaa, akatupa tarehe ya kurudi. Kwenye dirisha la dawa walimpa dada boksi la sindano. Alilipokea, akaligeuza, akasoma maandishi yake upande wote kana kwamba yalikuwa na kitu kipya. Kisha akalitia mkobani mwangu, si mwake, akatangulia kutoka.